Namna ya Kumtia Moyo Mwanafunzi Mtu Mzima na Kumwonyesha Njia ya Kazi

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya walimu, wawezeshaji na wasimamizi wa vituo vya elimu ya watu wazima nchini Tanzania, hasa wale wanaofundisha jioni katika vyumba vya shule za msingi baada ya watoto kwenda nyumbani. Nimefundisha madarasa ya namna hiyo kwa miaka mingi, na jambo moja nimelishuhudia mara nyingi mno. Mtu mzima anayetiwa moyo bila kuonyeshwa ni kazi gani itatokana na masomo yake huja kwa furaha mwezi mmoja kisha hupotea, na yule anayepewa karatasi za vyuo na ada bila mtu wa kumsimamia huzikunja akaziweka chini ya godoro. Mambo haya mawili yanapaswa kwenda pamoja tangu siku ya kwanza, na yote mawili yana namna yake ya kufanywa.

Wazo lenyewe si geni kwetu. Mwaka 1964, alipokuwa akieleza Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere alisema kwamba ni lazima tuanze na watu wazima, kwa kuwa elimu ya watoto ingechukua miaka mitano, kumi au hata ishirini kabla ya kuonekana katika uchumi wa nchi. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kwa takwimu rasmi, watu wazima wasiojua kusoma na kuandika, ambao katika sensa ya 1967 walikuwa takriban theluthi mbili, walifikia karibu mmoja katika kila kumi katikati ya miaka ya 1980. Kinachonigusa zaidi katika historia hiyo ni mradi wa kisomo chenye manufaa ulioanza mwaka 1968 katika mikoa ya Ziwa kwa msaada wa UNESCO, makao yake yakiwa Mwanza, ambamo mkulima wa pamba alijifunza herufi kwa kitabu kilichozungumzia pamba, na mvuvi kwa kitabu kilichozungumzia uvuvi. Walimu wa wakati ule walijua kwamba mtu mzima hawezi kutenganisha daftari lake na riziki yake. Hatua zifuatazo zimejengwa juu ya msingi huo.

Hatua ya kwanza: Mpokee kwa heshima ya umri wake

Mwanafunzi mtu mzima anapoingia mlangoni kwa mara ya kwanza, mara nyingi amekwisha kupita mbele ya kituo hicho siku kadhaa bila kuingia. Amejiuliza majirani watasemaje wakimwona na daftari, amewaza kama mwanawe wa darasa la sita atamcheka, na pengine daftari lenyewe amelificha ndani ya kikapu cha sokoni chini ya fungu la mchicha. Dakika kumi za mwanzo huamua mambo mengi.

Kama amekuzidi umri, mwamkie wewe kwanza. Niliwahi kumwona mwalimu kijana akisimama mbele ya darasa na kusubiri mama mwenye umri wa kumzaa amwamkie, kwa sababu tu yeye ndiye mwalimu. Mama yule aliamkia, akakaa, akaandika alichoelekezwa, na hatukumwona tena. Mwite kwa jina ambalo mtaa wake humwitia. Kama ni Mama Rehema, aitwe Mama Rehema hata wakati wa kuita mahudhurio, na mwenye mvi aitwe Mzee au Babu kadiri wenyeji wanavyoitana. Tafuta pia viti vya ofisi ya walimu au mabenchi marefu, maana mtu aliyebanwa magoti kwenye dawati la darasa la pili hukumbushwa kila dakika kwamba mahali hapo si pake.

Siku hiyo usimpe mtihani, wala usimsomeshe kwa sauti mbele ya wenzake. Keti naye pembeni umuulize swali moja: kwa nini umekuja mwaka huu, na si mwaka jana? Swali hili nalithamini kuliko fomu yoyote ya usajili, kwa sababu nyuma ya uamuzi wa mtu mzima kurudi darasani kuna tukio. Mmoja atakwambia kwamba kijana aliyemfundisha kazi kwa mikono yake mwenyewe ameajiriwa kwa kuwa ana cheti, naye ameachwa. Mwingine alipewa karatasi hospitalini akalazimika kumwomba mtu asiyemjua amsomee habari za mwili wake. Mwingine ameahidiwa usimamizi wa zamu kwa sharti la kuweza kuandika ripoti. Jibu hilo liandike katika daftari lako kwa maneno yake mwenyewe pamoja na tarehe, kwa kuwa utalihitaji siku atakapotaka kuacha, na siku hiyo karibu kila mtu huifikia.

Hatua ya pili: Hesabu naye ujuzi alio nao

Wengi huja wakisema, "Mwalimu, mimi sijui kitu." Usilipokee neno hilo na usilipinge kwa maneno matupu. Chukua karatasi, mpitishe katika siku yake tangu anapoamka hadi anapolala, na kila kazi anayoitaja iandike pamoja na ujuzi uliomo ndani yake. Anayeuza samaki wa kukaanga anajua kuchagua mali, kukadiria kuharibika kwake na kupanga bei kulingana na saa ya siku. Kondakta anajua hesabu za haraka na namna ya kutuliza ugomvi. Mlinzi wa usiku anajua kukumbuka nyuso na kutoa taarifa kwa mpangilio.

Nitaeleza mfano mmoja kwa urefu, kwa sababu ndio ulionifundisha mimi mwenyewe hatua hii. Mama mmoja wa darasa langu aliuza vitumbua asubuhi, na kila alipoulizwa anapata kiasi gani alijibu kwamba ni shilingi 22,000 kwa siku. Jioni moja, wakati somo lilikuwa kujumlisha na kutoa, nilimwomba atuletee hesabu yake ya siku hiyo badala ya mifano ya kitabuni. Kwa bei za wakati ule alitaja mchele kilo 3 kwa shilingi 7,500, nazi mbili kwa 2,000, sukari nusu kilo kwa 1,500, hamira na iliki kwa 800, mafuta kwa 2,500 na mkaa kwa 1,500. Aliandika tarakimu hizo ubaoni kwa mkono wake, polepole, chaki ikimkatikia mara mbili, na alipojumlisha akapata 15,800. Vitumbua vilikuwa 110 kwa shilingi 200 kila kimoja. Alipotoa matumizi katika mauzo alibaki na 6,200. Akasimama kimya akiitazama ile namba, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba kumi na tano kati ya vile vitumbua vilikopwa na havijalipwa. Tukatoa tena 3,000, zikabaki 3,200.

Hakuna aliyecheka darasani. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza mihogo alifungua daftari akaanza kuandika hesabu zake bila kuambiwa. Mama wa vitumbua mwenyewe, tangu wiki ile, alinunua daftari la pili kwa ajili ya wadaiwa na akaacha kukopesha watu watatu ambao hawakuwahi kulipa. Alikuwa hajamaliza hata somo la kugawanya, lakini kipato chake kilikuwa kimekwisha kubadilika, na baada ya hapo sikuhitaji kumweleza faida ya kuhudhuria. Maneno ya kutia moyo yenye nguvu kuliko yote ni yale ambayo mtu hujiambia mwenyewe baada ya kuona kitu kwa macho yake, na kazi ya mwalimu ni kupanga somo ili kitu hicho kionekane mapema, ikiwezekana ndani ya mwezi wa kwanza.

Hatua ya tatu: Msifu kwa jambo alilolifanya

Mtu mzima hutambua upesi anaposifiwa kwa huruma. Ukimwambia "hongera, unaweza" kila siku, ataacha kukusikiliza, na siku utakapokuwa na sifa ya kweli haitamfikia. Taja jambo lenyewe: "Wiki iliyopita ulikosea mara nne katika kugawanya, leo umekosea mara moja, na kosa lenyewe ni la kunakili." Sentensi kama hiyo ina ushahidi ndani yake, naye anaweza kurudi nyumbani akaikagua kwenye daftari.

Kwa sababu hiyo, kurasa za wiki ya kwanza zisitupwe. Mwombe kila mwanafunzi aandike tarehe juu ya kila ukurasa, na kila baada ya wiki sita keti naye mfungue ukurasa wa kwanza na wa mwisho kwa pamoja. Wengi wao husahau walikotoka, kwa kuwa kila siku wanatazama wanachokishindwa.

Kumtia moyo mtu hakumaanishi kumficha makosa. Nimewahi kupitisha insha dhaifu kwa kuogopa kumvunja moyo mzee mmoja, naye akaenda nayo kwenye mazoezi ya mtihani akapata alama ambayo hakuitarajia. Aliniuliza kwa upole kwa nini sikumwambia, na sikuwa na jibu. Sahihisha kila kosa linalohitaji kusahihishwa, ila fanya hivyo kwa faragha au kwa maandishi, na umwonyeshe papo hapo namna ya kulirekebisha. Chunga pia maneno ya kulinganisha. Kumwambia mtu wa miaka 45 kwamba hata watoto wanaliweza jambo hilo ni kumfukuza.

Hatua ya nne: Mfungulie ramani ya njia zilizopo

Hapa ndipo elimu ya kazi inapoanza rasmi, na hapa ndipo vituo vingi hukosea kwa kumwelekeza kila mtu kwenye mtihani uleule. Kabla ya kutaja chuo au mtihani wowote, rudi kwenye jibu la swali la siku ya kwanza. Anayetaka kusoma maandishi ya kliniki na kutunza hesabu za biashara hahitaji cheti cha kidato cha nne mwaka huu, na kumsukuma huko ni kumchosha. Anayetaka kazi inayodai cheti hicho, kwa upande wake, hatasaidiwa na miaka mitatu ya kusoma hadithi fupi.

Kwa aliyekosa sekondari, njia inayojulikana zaidi ni Mtihani wa Maarifa, ambao wengi huuita QT kwa kifupi cha jina lake la Kiingereza, Qualifying Test, unaosimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania. Mtihani huu hupima masomo ya ngazi ya kidato cha kwanza na cha pili, na anayefaulu hupata sifa ya kufanya mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo ilipata mamlaka yake kwa sheria ya mwaka 1975 na ina ofisi mikoani, huendesha masomo ya sekondari kwa njia mbadala, ambapo masomo ya miaka minne husomwa kwa miaka miwili. Mweleze mwanafunzi wazi kwamba miaka hiyo miwili ni mizito, kwa kuwa silabasi imebanwa na yeye ana kazi na familia. Kwa kijana aliyeacha shule karibuni, akiwemo msichana aliyeacha kwa sababu ya ujauzito, usisahau kwamba Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 ulimfungulia mlango wa kurejea katika shule ya mfumo rasmi. Bado nakutana na familia ambazo hazijausikia.

Fundi anayejua kazi lakini hana cheti ana njia yake, nayo haijulikani inavyostahili. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo. Mwashi, seremala, mpishi, mchomeleaji au fundi magari aliyejifunzia mtaani hupimwa kwa kazi anayoifanya, hufundishwa yale yanayoonekana kupungua, kisha hupewa cheti kinachotambulika. Nimemwona mwashi mmoja, mtu wa makamo aliyejenga nyumba zisizohesabika, akiamini kwamba ili apate cheti ni lazima aanze upya na vijana wa miaka 18. Alipoelezwa utaratibu huu alinyamaza kwa muda, kisha akauliza ofisi inafunguliwa saa ngapi. Katika hali kama ile, taarifa yenyewe ndiyo iliyomtia moyo.

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo vilianza mwaka 1975 kwa mfano wa vyuo vya wananchi vya nchi za Skandinavia na sasa ni zaidi ya 50, vinamfaa anayetaka ushonaji, kilimo, umeme wa majumbani au useremala karibu na kwao, na baadhi yake vina mahali pa kulelea watoto wakati mama yuko darasani. Kwa anayelenga mbali zaidi, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, humwezesha mtu kusoma akiwa kazini, na kina programu ya msingi kwa wasio na sifa za kuingia moja kwa moja.

Ada, tarehe za usajili na masharti hubadilika, kwa hiyo usiyataje kwa kukumbuka. Piga simu au fika ofisini mwanzoni mwa kila mwaka, uandike taarifa hizo kwenye karatasi ya manila, uibandike ukutani, na uandike pia tarehe uliyozipata. Mwanafunzi aliyekusanya fedha za usajili kwa miezi mitano akafika baada ya dirisha kufungwa hupoteza mwaka mzima, na mara nyingi hupoteza na imani yake kwako.

Hatua ya tano: Mlete mtu aliyepita njia hiyo

Mgeni anayefaa ni yule anayefanana na wanafunzi wako. Ofisa aliyesoma bila kukatizwa ataheshimiwa, lakini darasa litamsikiliza kama linavyosikiliza redio. Mwalike fundi cherehani aliyeanza kusoma akiwa na watoto watatu, au dereva aliyefanya Mtihani wa Maarifa mara mbili. Mwombe mapema aeleze alianza na shilingi ngapi, alishindwa wapi, nani alimcheka na alifanya nini jioni ile alipotaka kuacha. Wape wanafunzi nusu saa nzima ya kuuliza, na wewe usimame nyuma ya darasa.

Inapowezekana, wapeleke wakaone kazi yenyewe. Nusu siku katika karakana, jikoni mwa hoteli au kwenye shamba la umwagiliaji humwonyesha mtu mambo ambayo maelezo hayawezi kumwonyesha, yakiwemo yasiyopendeza: joto, kusimama muda mrefu, lugha kali za wateja. Msichana mmoja aliyekuwa amepania mapishi alirudi kutoka kwenye ziara kama hiyo akasema amebadili nia na anataka umeme. Aliokoa ada ya mwaka mzima kwa nauli ya daladala.

Hatua ya sita: Andikeni mpango wa ukurasa mmoja

Baada ya miezi miwili au mitatu, kila mwanafunzi awe na karatasi moja aliyoiandika mwenyewe, hata kama mwandiko bado unayumba. Ieleze anataka kufika wapi, hatua inayofuata ni ipi na tarehe yake ni ipi, itagharimu kiasi gani na fedha hizo zitatoka wapi kwa wiki, nani atabaki na watoto, na nani atamuuliza kama amefanya. Jina la huyo wa mwisho lisikosekane. Anaweza kuwa mwanafunzi mwenzake, dada yake au jirani, ilimradi amekubali.

Hatua ya saba: Zungumza na nyumbani kwake, kwa idhini yake

Masomo ya mtu mzima huhamisha saa mbili za jioni kutoka nyumbani kwenda darasani, na kuna mtu anayezihesabu saa hizo. Anaweza kuwa mume, mke, mama mkwe au mwajiri wa nyumbani. Usiende kwao bila mwanafunzi kukuomba, kwa kuwa huijui hali ya nyumba ile, na katika nyumba nyingine ziara yako inaweza kumletea madhara. Akikuomba, nenda mchana, nenda na mwalimu mwingine, ukae unapoketishwa, na uanze kwa kuwashukuru kwa kumruhusu kuja. Kisha eleza siku za masomo, saa ya kumaliza na faida ambayo nyumba yote itaipata.

Mume mmoja alinieleza waziwazi kwamba hofu yake haikuwa masomo, ila kutojua mkewe anarudi na nani gizani. Tulipopanga wanawake wa mtaa ule watembee pamoja na kumaliza kipindi saa kumi na mbili kamili, alikuwa wa kwanza kumkumbusha mkewe muda. Suluhisho lilikuwa dogo, na tusingelipata kwa kumhubiria haki ya mwanamke ya kusoma, ingawa haki hiyo naiamini kwa moyo wote.

Hatua ya nane: Mfuate anapokosekana

Kama kuna hatua moja tu utakayoichukua katika mwongozo huu, iwe hii. Mtu mzima hukosa darasa kwa sababu ya msimu wa kupalilia, msiba, mtoto mwenye homa, zamu iliyobadilishwa, mwezi wa Ramadhani au kodi ya nyumba. Anaporudi hukuta wenzake wameendelea, huona aibu, na aibu hiyo humzuia kurudi kuliko hata ile sababu ya mwanzo.

Miaka michache iliyopita nilikuwa na mwanafunzi aliyelinda geti usiku. Alikuwa mtulivu, mwenye mwandiko mzuri, na alikuwa amebakiza miezi minne kufanya Mtihani wa Maarifa. Alipokosa wiki ya kwanza nilidhani anaumwa, ya pili nikadhani amekata tamaa, na ya tatu nikapiga mstari kwenye jina lake. Karibu mwaka mmoja baadaye tulikutana kituo cha daladala. Alinieleza kwamba mwajiri alimhamishia zamu ya mchana kwa wiki tatu tu, na alipotaka kurudi alidhani amekwisha kufutwa, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza. Nilikuwa na namba yake ya simu katika daftari muda wote ule. Tangu siku hiyo nimejiwekea sharti kwamba mwanafunzi akikosa mara mbili mfululizo apigiwe simu kabla ya siku ya tatu kupita.

Simu hiyo iwe fupi na isiwe na lawama. Msalimie, umuulize hali ya nyumbani, umwambie somo mlilofikia, na umalize kwa kumtajia siku: "Alhamisi tunarudia hesabu za sehemu, utazikuta hapo hapo." Usiulize "mbona huji?" Kama hana muda wa maongezi, ujumbe mfupi wa simu unatosha, na kwa asiyejua kusoma vizuri tuma ujumbe wa sauti. Akirudi, mkalishe karibu na mtu atakayemwazima daftari, na usitangaze kurudi kwake mbele ya darasa.

Hatua ya tisa: Mwandae kwa mlango wa kazi

Miezi ya mwisho itumike kwa mambo ambayo walioajiriwa huyaona madogo. Fanyeni mazoezi ya kuandika barua ya maombi na wasifu wa ukurasa mmoja, ambamo miaka ya kuuza sokoni au kulea wagonjwa iandikwe kama uzoefu, kwa kuwa ni uzoefu. Hakikisha kila mmoja ana namba ya kitambulisho cha taifa, na kwamba majina yaliyomo yanalingana na yale ya vyeti, maana tofauti ya herufi moja imewakwamisha watu wengi. Igizeni mahojiano, mwanafunzi mmoja akiwa mwajiri, kisha mbadilishane.

Kwa wanaojiajiri, fundisha namna ya kuunda kikundi, kuandika katiba yake na kutunza kumbukumbu za vikao. Halmashauri hutenga kwa mujibu wa sheria asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu, na vikundi vingi hukwama kwenye andiko la mradi na vitabu vya hesabu, yaani mambo yaleyale yanayofundishwa darasani kwako. Mwalike ofisa maendeleo ya jamii wa kata aje aeleze masharti ya sasa, na andiko la kwanza liandikwe darasani kama zoezi la insha.

Hatua ya kumi: Kaa naye siku ya matokeo, na miezi inayofuata

Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne kwa kawaida hutoka mwezi Januari, na mwanafunzi wako anaweza kuyaona kwenye simu ya jirani mbele ya watu. Kubalianeni mapema mahali na saa ya kuyatazama pamoja. Aliyefeli asiambiwe siku hiyohiyo ajaribu tena. Mpe wiki moja, kisha keti naye na karatasi ya matokeo mtazame somo kwa somo, kwa kuwa mara nyingi kuna masomo mawili au matatu aliyoyapata, na mtahiniwa wa kujitegemea anaweza kurudia yale anayoyahitaji tu. Fungueni tena ule mpango wa ukurasa mmoja, mbadilishe tarehe, na mrudie jibu alilotoa siku ya kwanza.

Aliyefaulu naye asiachwe. Miezi mitatu ya kwanza chuoni au kazini ina upweke wake, hasa kwa mtu aliyezoea darasa la wenzake wa rika moja. Andika katika kalenda yako simu ya mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, na kila unapopiga muulize jambo moja linalompa shida na jambo moja ambalo angependa wanafunzi wapya walijue. Majibu hayo yawekwe kwenye daftari la kituo, kwa kuwa kutokana nayo utapata wageni wa hatua ya tano kwa mwaka unaofuata. Mama wa vitumbua nimemwalika mara mbili. Huja na lile daftari la hesabu, hulipitisha mkono kwa mkono, na huwaomba wanafunzi wapya wamsomee kwa zamu zile tarakimu za ukurasa wa kwanza, hadi ile 3,200 ya chini kabisa.